Rekodi ya Mzee Joto

Nyumbani kwetu mtu hapiti koridoni asubuhi kabla Baba hajasoma kipimajoto. Kimetundikwa ukutani, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa bafu, na Baba akikikaribia tu anapaza sauti: "Pumzi!" Hapo kila aliye karibu anafunga mdomo na kubana pua, hata kama ana mswaki mdomoni. Anasema pumzi ya binadamu ina joto, na joto la binadamu si hali ya hewa. Akishasoma anatangaza namba, kisha anasema, "Hemeni," ndipo nyumba inaanza kuishi. Kuna fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki akazuiwa pumzi mpaka macho yakamtoka pima. Siku hizi akiitwa anauliza kwanza kama mzee yupo.

Na kusoma ni yeye peke yake. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kusoma vipimajoto, pale koridoni kazi yangu ni kuziba pua.

Niseme mapema kwamba subira sina, na hilo nimelitoa kwake. Baba alikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika kituo hiki hiki ninachofanya kazi mimi sasa. Enzi za ujana wake, katika mwezi huu huu wa kiangazi, alitoka nje mchana mmoja wakati wenzake wote wamelala chini ya meza, akafungua kijumba cha vipimo, akazuia pumzi, akasoma nyuzi arobaini na moja nukta tano. Namba hiyo haijapata kufikiwa tena mahali popote nchini. Kila kiangazi kikianza, mtangazaji wa redio anakumbusha: "Rekodi ya nchi yetu ni nyuzi arobaini na moja nukta tano." Jina hataji. Lakini Baba hutikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyesalimiwa mbele za watu.

Mtaani wanamwita Mzee Joto. Mimi ni Binti Joto, nipende nisipende. Mama hataki kuitwa Mama Joto, anasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kipimo. Wengine wana mashamba, wengine wana maghorofa. Baba yangu ana nukta tano yake, na anailinda kuliko mwenye ghorofa anavyolinda ghorofa.

Mwaka huu mwezi ulianza kwa upole. Asubuhi palikuwa na ukungu mwepesi, mchana upepo, jioni watu walivaa mikono mirefu. Baba alifurahi mpaka akawa kero. Alikaa barazani na sweta, akimpungia mkono fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. "Jirani! Kiangazi gani hiki? Kwetu sisi zamani hiki tungekiita kipupwe!"

"Subiri, mzee," fundi viatu alimjibu huku ana misumari mdomoni. "Mwezi bado mbichi."

Mdomo huumba. Haikupita wiki, ukungu ukakatika, upepo ukafa, na jua likatukalia utosini. Lami ikawa inang'ang'ania viatu, jambo lililomfaa fundi viatu peke yake. Dukani mishumaa iliinama yote upande mmoja. Kwa kinyozi wateja walilala kitini, wakaamka wana vipara wasivyoviomba. Foleni ya benki ikafika mlangoni, na nusu yao hawakuwa na akaunti, walifuata kiyoyozi.

Baba akavua sweta. Nikirudi kazini namkuta amesimama getini.

"Leo?"

"Thelathini na nane."

"Nukta?"

"Nukta saba, Baba."

Anaguna, anaingia ndani, anafungua dirisha na kuangalia juu kutafuta mawingu. Alianza kuyaombea mawingu kwa sauti. Mama akamwambia dua la kuku halimpati mwewe, yeye akajibu kwamba hajasikia mwewe akiulizwa.

Siku tulipofika arobaini kasoro kidogo, Mama aliniita jikoni na kufunga mlango. Alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo sikujua machozi yale ni ya nini.

"Mwanangu, ikifika pale, punguza."

"Nipunguze nini?"

"Usijitie ujinga. Nukta mbili tatu. Nukta yenyewe ni kitu gani? Ukiiandika ni kidoa tu, hata nzi huacha kikubwa zaidi."

"Mama, ile ni kazi ya serikali."

"Na huyu ni mume wangu." Aliweka kisu chini. "Baba yako magoti yamekwisha. Rafiki zake wamekwisha. Kimebaki kile kinamba chake cha redioni. Wakimnyang'anya, ataamkia nini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba aliyenifundisha kipimo hakina undugu ni huyo huyo mume wake. Mama akaokota kisu akaendelea na kitunguu, na mimi nikatoka haraka asinione uso. Maana swali lake lilikuwa la haki. Ataamkia nini?

Huku kazini nako, Bosi wetu alikuwa amepata kiyoyozi kipya. Alikipigania miaka, akisema haiwezekani watu wa hali ya hewa wafe kwa hali ya hewa. Mafundi wakakitundika ofisini kwake, na lile sanduku la nje lenye feni wakalifunga ukuta wa nyuma. Bosi alikuwa anakipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Ofisini kwake pakawa na baridi ya jokofu. Ukiingia na jambo la kusaini unatoka na mafua.

Tangu wiki ile, vipimo vikapaa. Arobaini kasoro. Arobaini kamili. Arobaini na moja. Kila namba ikipanda, Bosi anasema, "Lo! Nchi inaungua hii," anachukua rimoti na kuongeza ubaridi. Na siku moja mchana nikafungua kijumba, nikazuia pumzi, nikaona arobaini na tatu nukta moja.

Nilisoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Sikupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na roho yangu juu ya nukta mbili tatu, lakini hii haikuwa nukta, ilikuwa gharika. La kuvunda halina ubani. Nikaandika, nikampelekea Bosi, Bosi akafunga tai na kuwaita waandishi wa habari. Alisimama mbele ya kamera anajifuta jasho kwa leso, na mimi najua ametoka kwenye ofisi ambamo ungeweza kuning'iniza nyama.

Baba alisikia redioni kabla sijafika. Nilimkuta amekaa kitandani na viatu.

"Baba."

"Nimesikia."

"Chakula kipo..."

"Wakile wenye njaa."

Asubuhi yake tukasikia mlango wa chumba chake. Mama alikuwa na birika mkononi, mimi na taulo. Tukaziba pua, kama kawaida. Baba akaja koridoni, akapita mbele ya kipimajoto bila kukitazama, akaingia bafuni na kufunga mlango. Sisi tumesimama pale na midomo yetu imefungwa, hakuna wa kutuambia tuheme. Mama ndiye aliyeachia kwanza. Akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau, akaenda kumimina chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Nilikwenda kazini nimefura kama andazi. Nilimfokea dereva, nikalifokea geti, nikazunguka nyuma ya ofisi nipate mahali pa kulia bila kuulizwa maswali. Na huko nyuma, kati ya ukuta wa Bosi na kijumba changu cha vipimo, nikakuta kamba imefungwa, na juu ya kamba mashati matatu, suruali na soksi. Nguo zote zilikuwa zinapepea vizuri kabisa, siku ambayo jani halitikisiki nchi nzima.

"Mlinzi!"

Mlinzi wetu akaja mbio, kofia mkononi. "Samahani dada, naanua sasa hivi."

"Nani kakuambia uanike hapa?"

"Dada, usikasirike. Hapa nguo inakauka kabla hujamaliza kuikung'uta. Hata usiku. Kuna kaupepo kamoto kanatoka pale." Akaonyesha ukutani.

Nikasogea kati ya shati na soksi. Upepo wa moto ukanipiga usoni. Lile sanduku la kiyoyozi lilikuwa linanguruma, na pumzi yake yote ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye luva za kijumba changu, zile mbao za kupitisha hewa. Mimi mpimaji, mtoto wa mpimaji, nimefundishwa kuzuia kapumzi kangu ka puani, na nyuma ya kijumba dude zima linahema mchana na usiku! Kwa mbele kijumba huficha lile sanduku, na mimi hufungulia mbele. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mlinzi akaanua nguo zake kwa haraka, akidhani jua limenipanda.

Nikaingia kwa Bosi bila kugonga.

"Bosi, nchi haijavunja rekodi. Kiyoyozi chako ndicho kimevunja."

Nilimweleza. Alinisikiliza, akatazama kiyoyozi, akatazama rimoti, akaiweka mezani taratibu kama mtu aliyegundua ameshika nyoka. Kumbe kila alipoona joto limepanda na kuongeza ubaridi, nje mashine ilizidi kuhema, joto likapanda, naye akaongeza. Angeendelea hivyo mwezi wote, tungepima jehanamu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Kwenye nguo za mlinzi, Bosi."

"Sasa nchi tutaiambia nini?"

"Ukweli."

"Wote?"

Tuliafikiana sehemu. Redio ikasema kulikuwa na "hitilafu ya kitaalamu" na kwamba vipimo vya siku zile vyote vimefutwa. Kiyoyozi kikang'olewa siku hiyo hiyo kusubiri ukuta mwingine, na Bosi akarudi kwenye dunia yetu, akifanya kazi na taulo bichi kichwani. Mtangazaji akamalizia: "Hivyo, rekodi ya nchi inabaki nyuzi arobaini na moja nukta tano."

Ungemwona Baba! Alivaa kofia yake ya zamani ya kazini, yenye nembo iliyofifia, akatembea mtaa mzima saa ya jua kali, akisimama kwa kila mtu. "Siku za mwizi ni arobaini!" alimwambia fundi viatu. "Hata mwizi wa rekodi!"

"Lakini mzee, mwezi haujaisha."

"Wewe shona viatu."

Asubuhi iliyofuata alipiga "Pumzi!" kwa nguvu mpaka jirani wa ukuta wa pili naye akanyamaza. Alituzuilia pumzi muda mrefu kuliko kawaida, makusudi, na Mama, uso umemwiva, macho yake yalikuwa yanacheka.

Jioni moja mawingu yakaja kweli. Yakajipanga meusi upande wa milimani, radi ikapiga, watu wakatoa ndoo na masufuria nje. Baba alisimama uani amefungua mikono kama anayepokea mgeni. Mvua ikanyesha, lakini ng'ambo. Kwetu yalidondoka matone ya kuchafua madirisha tu. Kesho yake upepo ukageuka, ukaanza kuvuma mkavu kutoka bara, na jua likarudi na hasira za mtu aliyesingiziwa. Arobaini. Arobaini nukta sita. Arobaini na moja nukta mbili. Safari hii hakukuwa na kiyoyozi wala kamba ya nguo. Nilizunguka kijumba kila siku kutafuta mchawi, sikumwona.

Siku ya mwisho ya mwezi Baba alikuja kituoni. Amevaa kofia na shati la pasi, ananuka sabuni. "Nimekuja kuufunga mwezi," alisema. Mlinzi akampigia saluti. Nje palikuwa peupe kwa jua, macho yanauma, hata kunguru walikuwa wamekaa kivulini wameachama midomo. Nilimwambia akae ndani na Bosi, nitamletea namba. Akaniambia yeye hajazeeka kiasi cha kuletewa namba.

Tukaenda pamoja kule nyuma ya ofisi, mimi mbele, yeye na magoti yake nyuma. Nikafungua kijumba.

"Pumzi," akasema kwa sauti ya chini.

Nikazuia. Nikatazama. Arobaini na moja nukta sita.

Sijui nieleze vipi. Nukta moja! Heri ingempita mbali, kama mtu anavyopitwa na gari. Lakini hii ilimpita kwa upana wa unywele, na nyuma yangu nilisikia viatu vyake vikichezacheza kwenye changarawe kama vya mtoto anayesubiri matokeo. Nikaona birika la Mama. Nikaona ule mlango wa bafu ukifungwa.

"Arobaini na moja nukta nne," nikasema.

Nikasikia Baba anatafuta miwani mfukoni.

"Baba, tufunge, jua kali."

"Sogea."

"Nimeshasoma."

"Sogea, nimesema."

Akasogea hadi usawa wa macho, kama alivyonifundisha mimi: asiinuke, asiiname. Akafunga mdomo. Akasoma. Mtu husoma mara moja akaondoka, lakini yeye alibaki pale, mdomo umefungwa, shingo inamvimba, jasho linamtiririka chini ya kofia.

"Baba, hema," nikasema. "Baba! Hema!"

Akahema. Ilitoka pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa nayo tangu ujana.

"Nukta sita," akasema. "Wewe umesema nne."

"Macho yangu..."

"Macho yako nimeyazaa mimi, nayajua!" Akanigeukia, na sijapata kumwona amekasirika namna ile. "Nimekufundisha usikipashe kipimo kwa pumzi. Leo unakipoza kwa uongo?"

Nikalia. Pale pale juani, mtu mzima na mshahara wangu. Nikamwambia sikutaka apite tena koridoni bila kusema kitu. Nikamwambia kwamba ile asubuhi nilikaribia kufa kwa kuzuia pumzi yangu bure. Hasira ikamtoka usoni, ikabaki aibu ndogo. Akajipangusa na kofia.

"Mlinzi!" akaita ghafla. "Huko nyuma kuna shati limeanikwa?"

"Hamna, mzee!"

"Angalia vizuri. Hata soksi?"

"Hata soksi, mzee!"

Baba akatazama ukuta, alama nne za skrubu pale kiyoyozi kilipokuwa. Akatazama juu, buluu tupu. Akafunga mlango wa kijumba kwa mikono yake na kukaza kitasa, kisha akanipa kalamu kutoka mfuko wa shati lake.

"Andika. Sita. Na jina lako liwe wazi, mimi langu nililiandika kwa haraka, hakuna aliyelisoma."

Nikaandika, na yeye amesimama nyuma yangu kuhakikisha.

Jioni redio ikatangaza namba mpya. Fundi viatu akavuka barabara na kiatu cha mtu mkononi. "Pole, mzee. Taji limekwenda. Sasa tukuite nani?"

"Limekwenda wapi?" Baba akamjibu. "Lipo hapo jikoni linaosha vyombo."

"Ama kweli, mtoto wa nyoka ni nyoka," fundi viatu akasema, na Baba akatikisa kichwa kwa adabu, ile ya kila mwaka.

Lakini mimi sikuyaamini maneno ya barazani. Nilisubiri asubuhi. Mama naye alikuwa anasubiri, nilimsikia ameamka mapema na hapigi kelele na sufuria. Mlango wa chumba ukafunguliwa. Baba akaja koridoni na kanzu yake ya kulalia, akafika kwenye kipimajoto, akasimama. Mama mlangoni na birika, mimi na mswaki mdomoni.

Akasogea pembeni.

"Soma wewe," akaniambia.

Nikautoa mswaki. Sikuwa najua pa kuweka mikono. Nikasogea usawa wa macho, nikasema, "Pumzi," na sauti ikatoka kama ya mgonjwa. Mama akaziba pua. Baba naye akaziba yake, akavimbisha mashavu, akanikazia macho.

Nikasoma upesi, maana umri wake si wa kuzuia pumzi sana.